Treni ya mezani imegoma: kosa linaanzia wapi

Boksi lenyewe utalitambua. Limetoka Uingereza ndani ya sanduku la shangazi, limekingwa kwa mashuka na pakiti za biskuti: kichwa kimoja cha treni, mabehewa mawili matatu, vipande vya reli vya kuunga duara, kidhibiti chenye kitasa cha kuzungusha, na adapta ya ukutani. Siku ya kwanza nyumba nzima inakaa chini kutazama. Wiki ya tatu kichwa kinashtukashtuka, kinasimama, mtoto anakisukuma kwa kidole. Mwezi wa tatu boksi liko juu ya kabati.

Mimi ni fundi wa redio hapa Tanga, na treni hizi nimeletewa mpaka nikaishia kununua ya kwangu. Nyingi hazikuwa mbovu. Zilikuwa chafu, au zimeungwa vibaya, au zimeliwa na hewa ya bahari. Ninayoyaeleza hapa yanahusu seti za kuanzia zinazotumia DC (umeme wa mkondo mnyoofu) ya volti 12 kupitia reli mbili, mfano zile za kampuni ya Hornby ya Uingereza za kipimo cha OO, yaani 1 kwa 76 ya treni halisi, kwa kuwa ndizo nilizozishika zaidi. Za kipimo cha HO, 1 kwa 87, kutoka Ulaya na Marekani zinafuata njia hiyohiyo, isipokuwa pale nitakapotahadharisha.

Kabla hujagusa bisibisi, jiulize jambo moja: tatizo linatokea mahali palepale, au kwa gari lilelile? Treni ikisimama kila ikifika kona ya dirishani, hata ukibadilisha kichwa, basi mgonjwa ni reli. Kichwa kimoja kikisumbua duara zima na kingine kinapita vizuri, mgonjwa ni kichwa. Kama huna kichwa cha pili, kigeuze hichohicho kitazame upande wa pili, au chukua kipande cha reli cha kona ya dirishani ukibadilishane na cha mlangoni. Tatizo likihama na kipande, umelipata. Watu wengi huanza kwa kufungua kichwa, wakapoteza springi isiyoonekana kwa macho, kumbe kosa lilikuwa kiungio kilicholegea.

Haiendi kabisa

Fuata umeme tangu ukutani. Soketi imewashwa? Adapta ina uhai? Adapta ya Uingereza inataka volti 230, na plagi yake ya pini tatu bapa inaingia kwenye soketi zetu bila ubishi. Seti ya Marekani ni habari nyingine. Adapta yake imetengenezwa kwa volti 120, na ukiichomeka kwa kubadilisha pini tu itatoa moshi, tena si moshi wa treni. Soma maandishi madogo mgongoni mwake. Yakisema 100–240, chomeka. Yakisema 120 peke yake, tafuta transfoma ya kushusha umeme au nunua adapta nyingine yenye volti na ampea zilezile za upande wa kutoa, na plagi ndogo yenye chanya na hasi mahali palepale.

Ukiwa na multimita kazi ni ya dakika mbili. Iweke kwenye DC, kipimo cha volti 20, gusa reli mbili kwa ncha zake, kisha zungusha kitasa taratibu. Namba inatakiwa kupanda kutoka karibu na sifuri hadi 12 hivi. Vidhibiti vingine visipokuwa na mzigo vinaonyesha zaidi kidogo, usishtuke. Hakuna kitu relini? Rudi kwenye ncha za waya zinazotoka kwenye kidhibiti. Huko kukiwa na volti, kosa ni waya au kile kibanio kinachoingiza umeme kwenye reli. Kibanio hicho huchomekwa chini ya kipande cha reli, na kikikaa upande kinagusa reli moja tu.

Huna multimita? Betri ya volti 9, ile ya mraba ya kingʼora cha moto, inatosha. Chukua kipande kimoja cha reli, kitenge na vingine vyote, weka kichwa juu yake, kisha leta nyaya mbili fupi kutoka kwenye betri uguse reli hii na ile. Kichwa kikiruka mbele au nyuma, ni kizima, na adui yako yuko huko nyuma kwenye kidhibiti, adapta au waya. Kikinyamaza, nenda moja kwa moja sehemu ya mota hapo chini. Nimeona baba mmoja akiagiza kichwa kipya kutoka ngʼambo ilhali adapta ilikuwa imekufa siku umeme uliporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja utulie ndipo uchomeke.

Taa ya kidhibiti inazima au inapepesa ukiongeza mwendo

Hiyo ni shoti, au mzigo umezidi. Toa kila kitu relini: kichwa, mabehewa, vyote. Taa ikitulia, rudisha kimoja kimoja mpaka ujue mwizi ni nani. Ikiendelea kuzima na reli ni tupu, basi reli hizi mbili zinagusana mahali. Pin, kipande cha foili ya chokoleti, sindano ya kushonea iliyopotea tangu Idi. Macho yakishindwa, fungua duara katikati ulikate nusu mbili, jaribu nusu yenye kibanio. Ikiwa safi, kosa liko nusu nyingine. Unganisha robo, jaribu tena. Mara nne hivi unakuwa umebaki na kipande kimoja mkononi.

Kuna shoti ambayo hakuna sindano itakayoieleza. Mtu ananunua reli za ziada, anachora njia inayotoka kwenye duara, inazunguka kama kitanzi na kurudi ilikotoka ikitazama upande mwingine. Kwenye karatasi inapendeza. Kwenye umeme, reli ya kushoto imezunguka ikakutana na ya kulia, chanya imebusu hasi. Fuata reli moja kwa kidole tangu mwanzo hadi mwisho: kidole kikirudi kwenye reli ya pili, umepata kosa. Kitanzi cha namna hiyo kinawezekana, ila kinataka sehemu iliyotengwa kwa viungio vya plastiki na swichi ya kugeuza umeme. Anayeanza akiache kwanza.

Na ukiletewa kichwa cha kampuni ya Kijerumani ya Märklin cha ule mfumo wao wa mkondo geu (AC), usikiweke kwenye reli hizi. Mfumo ule huchukua umeme kwenye vijipini vya katikati ya njia, na magurudumu yake ya kushoto na kulia hayakutenganishwa kiumeme. Kikikaa juu ya reli zako ni sawa na kuweka msumari.

Kidhibiti kinachokata baada ya robo saa, kisha kinafufuka kikipoa, mara nyingi hakina ubovu. Kimebebeshwa vichwa viwili au mota inayovuta umeme kuliko kawaida kwa sababu imekauka mafuta. Kiondoe juu ya zulia na juani, kipate hewa.

Inakwenda kwa kushtuka, inasimama, ukiigusa inaondoka

Hapa ndipo penye kesi nyingi, kwa hiyo nitakaa.

Umeme unapita kwenye sehemu ndogo mno ambayo gurudumu limegusa reli. Pale pana cheche ndogondogo wakati wote, na kila cheche inaacha weusi. Ongeza vumbi, mafuta yaliyomwagika kutoka kwenye gia, alama za vidole vya watoto waliotoka kula maandazi, na magurudumu ya plastiki ya mabehewa ambayo hukusanya uchafu huo na kuutandaza duara zima kama mtu anayepaka siagi. Sisi wa mwambao tuna la ziada. Hewa ina unyevu na chumvi, na seti iliyokaa mwezi bila kuendeshwa inahitaji kusafishwa kabla ya kulaumiwa.

Pitisha kitambaa cheupe juu ya reli ukikibana kwa kidole. Ukipata mstari mweusi, huhitaji uchunguzi mwingine.

Pata pombe ya isopropili, ile ya mafundi simu, ya asilimia 90 na kitu. Ya asilimia 70 ya famasi inafaa pia, ila ina maji, hivyo ifute mpaka ikauke. Lowesha kitambaa kisichotoa nyuzi, sugua uso wa juu wa reli na ule ukingo wa ndani, maana gurudumu linagusa vyote viwili. Weusi uliogoma kutoka utatoka kwa kifutio cha penseli, kisha pitisha pombe tena kuondoa makombo yake. Usitumie sanitaiza ya jeli, ina glisarini na itaacha utando. Usitumie mafuta ya taa. Msasa unang'arisha kwa siku moja, kisha mikwaruzo yake inakuwa mifereji ya kutunzia uchafu. Na stilwaya ya kusugulia sufuria ndiyo mbaya kuliko yote: vipande vyake visivyoonekana vitabaki njiani, sumaku ya mota itavivuta, na siku moja vitaingia ndani na kuua mota.

Shika sumaku ya mlango wa friji uiguse reli. Ikinasa, reli zako ni za chuma, za miaka ya nyuma, na karibu na bahari zitapata kutu kila msimu. Unaweza kuzitunza, lakini fedha ya kununua reli mpya ndiyo itakayokuletea raha ya haraka. Isiponasa, ni ile aloi ya shaba, zinki na nikeli, ambayo Wazungu wanaiita fedha ingawa haina chembe ya fedha. Hiyo inavumilia.

Reli zikiwa safi, magurudumu bado. Lowesha kitambaa kwa pombe, kitandaze juu ya reli, weka kichwa magurudumu ya nyuma yakiwa relini na ya mbele juu ya kitambaa. Kishike, washa nusu ya mwendo. Yale ya mbele yatazunguka pale juu ya kitambaa na kuchora mistari miwili myeusi. Geuza, fanya ya nyuma. Angalia usimwage pombe kwenye maandishi na rangi ya mwili, nyingine huyeyuka. Mabehewa yasafishe kwa pamba za masikioni.

Kichwa kidogo chenye magurudumu manne tu, ambacho seti nyingi za bei nafuu huja nacho, kitashtuka hata njia ikiwa safi kinapopita juu ya pointi, yaani kile kipande chenye ulimi kinachoipeleka treni kushoto au kulia. Katikati ya pointi pana moyo wa plastiki usiopitisha umeme, na kichwa kifupi kinaweza kuwa na gurudumu pale wakati wenzake wamekalia vumbi. Kichwa kirefu hakijali. Hapo dawa ni usafi na mwendo wa kasi kidogo, si kubomoa.

Inachoka upande wa mbali, inapata nguvu ikirudi

Mahali palepale, kila mara, na mara nyingi ng'ambo ya kibanio cha umeme. Umeme unasafiri kutoka kibanio kwenda pande zote mbili za duara kupitia viungio vya reli, vile vipande vya bati vinavyounganisha kipande na kipande. Kila kiungio kinakula kidogo. Duara jipya la vipande nane halina shida. Duara lililofungwa na kufunguliwa kila Jumamosi mwaka mzima, viungio vyake vimepanuka kama kola ya shati kuukuu.

Pima volti upande wa mbali wakati kichwa kinavuta, kwa sababu njia ikiwa tupu hata kiungio kibovu kitaonyesha namba nzuri. Kisha bana viungio kwa koleo jembamba, taratibu, mpaka kipande kiingie kwa kusukumwa. Kilichopasuka kibadilishe, vinauzwa kwa pakiti na havina gharama.

Dawa ya kudumu ni kuongeza nyaya. Vuta waya mbili kutoka kwenye kidhibiti hadi upande wa mbali, uzilehemu kwa risasi kwenye ubavu wa nje wa reli ili magurudumu yasizigonge. Pasi ya kulehemu iwe na joto la kutosha na mkono uwe mwepesi: gusa, risasi itiririke, ondoa. Ukisitasita, mataruma ya plastiki yatalainika na reli itahama. Weka pamba iliyolowa maji kila upande wa mahali unapolehemu, inanyonya joto. Waya nyekundu reli ya nje, nyeusi reli ya ndani, duara zima bila kubadilisha mawazo, la sivyo umejitengenezea shoti kwa mkono wako.

Inaanguka

Swali letu la mwanzo linafanya kazi hapa kuliko kokote. Inaanguka mahali pamoja: pitisha ukucha juu ya kila kiungio cha sehemu hiyo. Ukikwama, reli moja imepanda juu ya kiungio badala ya kuingia ndani yake, kosa la kawaida kupita yote. Kisha lala chini, jicho sawa na reli, utazame kama njia imepinda au imezama. Njia juu ya mkeka au zulia itazama tu, huwezi kuizuia.

Inaanguka gari lilelile: geuza behewa, tazama magurudumu. Umbali kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja unatakiwa uwe kama milimita 14.5 kwa OO. Pima kwa kalipa ya plastiki. Yakiwa yamekaribiana yatapanda kwenye pointi, yakiachana yatabana. Yavute au yasukume kwa kuyazungusha, usiyapigie nyundo. Behewa jepesi nalo linarushwa kwenye kona. Chama cha Marekani cha wapenda treni ndogo, NMRA, kinapendekeza kwa HO wakia moja pamoja na nusu wakia kwa kila inchi ya urefu. Kwa hesabu zetu ni gramu 28, kisha gramu 5.5 hivi kwa kila sentimita. Behewa la sentimita 12 lifike karibu gramu 95. Bandika sarafu chini ya sakafu yake, karibu na ekseli.

Inaanguka kwenye pointi tu: ulimi haukufunga vizuri. Niliwahi kupoteza jioni mbili juu ya pointi moja, nikabadilisha springi, nikalaumu mtengenezaji, nikapima kila kitu. Ilikuwa punje ya mchele.

Mabehewa yakiachana njiani bila kuanguka, tazama kulabu. Iliyopinda inanyooshwa kwa vidole. Ikiwa zote ni nzima, njia imezama pale yanapoachana.

Mota inalia lakini magurudumu hayageuki

Au haitoi sauti na inapata moto. Zima mara moja. Geuza kichwa, tazama ekseli kwa tochi. Mara nyingi utakuta unywele mrefu uliojisokota kama uzi kwenye bobini, au nyuzi za zulia. Ziondoe kwa kibano na sindano.

Ukilazimika kufungua, piga picha kwa simu kila hatua na fanya kazi ndani ya sinia ya chakula yenye kingo, screw zisikimbie. Grisi iliyogeuka kama nta ifute, weka mpya kidogo kwenye gia. Kwenye ekseli na kwenye ncha za mhimili wa mota weka tone la mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano. Tone moja. Mafuta yakizidi yatashuka magurudumuni, kutoka hapo relini, na utarudi kwenye sehemu ya kushtukashtuka. Mafuta ya kupikia yanaganda kama gundi, usijaribu.

Sauti ya tik, tik, tik inayofuatana na mwendo ni gia iliyopasuka kwenye ekseli, au jino lililoshika uchafu. Gia iliyopasuka usiigundishe, haitashika. Agiza nyingine kwa namba ya kichwa iliyoandikwa chini au kwenye boksi. Mota za zamani zilizo wazi zina kaboni mbili zinazokwisha kama za blenda, na hizo zinabadilishwa. Ila sumaku ya mota hizo za zamani usiichomoe ovyo, hupoteza nguvu ikitoka mahali pake, na kichwa kitarudi kikiwa mgonjwa kuliko kilivyokuja.

Yanayodhaniwa ni ubovu

Kichwa kimeegeshwa kwenye njia ya pembeni na hakiondoki. Pointi za Hornby na nyingi za seti hupeleka umeme upande ambao ulimi umeelekea tu. Njia ya pembeni inakufa kwa makusudi, ili uegeshe kichwa kimoja na kuendesha kingine. Geuza ulimi, kitafufuka.

Treni inarudi nyuma wakati kidhibiti kinasema mbele. Wengi wanainua kichwa na kukigeuza, kisha wanashangaa kinaelekea upande uleule, safari hii kikitanguliza pua. Ndivyo inavyotakiwa. Kwa mfumo huu kichwa kinakwenda mbele reli ya kulia kwake ikiwa chanya. Ukikigeuza, kulia kwake kumekuwa kushoto. Unachotakiwa kugeuza ni nyaya mbili kwenye kibanio.

Sasa tuboreshe

Ukipata fedha kidogo, usinunue kichwa cha pili. Nunua ubao.

Treni ya sakafuni haitatengemaa. Plaiwudi ya marini, futi nne kwa nane, unene wa milimita 12, yenye fremu ya mbao chini, itakupa uwanja wa sentimita 122 kwa 244. Kona za seti huwa na nusukipenyo cha milimita 371 kwa zile za ndani na 438 kwa za daraja la pili. Vichwa vingi vikubwa vya Hornby vinadai za daraja la pili, na duara lake linachukua upana wa karibu sentimita 90, kwa hiyo ubao unatosha na nafasi inabaki. MDF ni laini kukata, lakini kwa unyevu wa pwani inavimba kingo kama mkate uliomwagikiwa chai. Paka rangi pande zote mbili, na miguu ya meza ikae mbali na ukuta kwa sababu ya mchwa. Unapofunga reli kwa misumari midogo, usizigandamize. Misumari ikizama sana inavuta mataruma na kubana njia.

Cha pili, nyaya nilizozieleza juu. Cha tatu, magurudumu ya chuma kwa mabehewa badala ya ya plastiki, ili uchafu upungue. Kisha pointi mbili na njia ya pembeni, maana treni inayozunguka bila pa kwenda inachosha hata mtoto. Reli za kampuni ya Peco za kimo wanachokiita kodi 100 zinaungana na za Hornby bila shida. Za kodi 75 ni fupi kimo, na magurudumu ya zamani yenye kingo ndefu yatagonga mataruma.

Hata reli za HO zitakufaa, kwa kuwa OO na HO zote hupita juu ya upana wa milimita 16.5. Waingereza walikuta mota za zamani haziingii ndani ya vichwa vyao vidogo kwa kipimo cha 1 kwa 87, wakakuza mwili hadi 1 kwa 76 na kuiacha njia ilivyo. Ndiyo maana ukizidisha 16.5 kwa 87 unapata 1,435, upana kamili wa SGR yetu, lakini ukizidisha kwa 76 unapata kama 1,254, ambayo si reli ya nchi yoyote. Mwenye kutaka reli ya kale ya Tanga, ile ya mita moja ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa mwaka 1893, atafute HOm, njia ya milimita 12, na aandae mfuko.

Mwisho kabisa ndiyo dijitali, DCC. Reli inapata umeme kamili wakati wote, karibu volti 15 za mkondo geu, na kila kichwa kina dikoda ndani yake inayosikiliza amri zake peke yake. Vichwa viwili kwenye njia moja, kila kimoja na mwendo wake. Nasema mwisho kwa sababu DCC haitibu njia chafu. Inaifichua: amri inakatika pale umeme unapokatika.

Kichwa kilichoandikwa kuwa tayari kwa DCC kina soketi tu, mara nyingi ya pini 8 au 21. Dikoda unainunua peke yake. Kichwa kisicho na dikoda usikiache kimesimama kwenye njia ya DCC, mota italia kama nyuki na inaweza kuungua. Kidhibiti cha zamani na cha DCC visiunganishwe njia moja hata kwa dakika. Kile kibanio cha umeme cha seti ya kawaida kiondoe pia, kwa kuwa ndani yake kuna kapasita ya kuzuia kelele za redio inayovuruga amri za dijitali. Kipo kingine kisicho nayo, au lehemu waya zako mwenyewe. Dikoda mpya hutoka kiwandani ikiwa na anwani namba 3. Ibadilishe kabla hujaweka kichwa cha pili, maana ukiamuru kimoja kiondoke vitaondoka vyote.